Ratiba ya mtoto isipangwe na bosi wa baba yake

Mwezi uliopita nilikemewa na dada wa kazi ndani ya nyumba ninayolipia kodi mwenyewe, na nakiri nilistahili. Nilirudi saa nne na nusu usiku, kurasa zimeshakwenda mtamboni, nikaenda moja kwa moja kwenye chandarua cha binti yangu mwenye mwaka mmoja na miezi miwili. Nikamgusa shavu. Akaamka, akacheka, nikambeba hadi sebuleni tukacheza mpaka saa sita. Saa kumi na mbili asubuhi akaamka kama kawaida yake, mimi nimelala fofofo. Alilia asubuhi nzima na uji akautema. Kabla sijatoka kwenda kazini dada akaniambia, kwa adabu zote: "Kaka, naomba ukimwamsha tena usiku, asubuhi ukae naye wewe."

Nilitaka kujibu. Nikakosa la kusema.

Hivi wadau, ni wangapi kati yetu tunafanya hivi? Tunatoka alfajiri, tunarudi usiku tumekaa kwenye foleni saa mbili nzima, halafu tunataka mtoto awe macho ili na sisi tujisikie ni wazazi. Tunaita mapenzi. Mimi nimeanza kuona ni ubinafsi, na naanza na mimi mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miezi minne hadi kumi na mmoja alale saa 12 hadi 16 kwa siku, mwenye mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo, na nyakati za kulala na kuamka ziwe zilezile kila siku. Binti yangu analala saa mbili usiku, anaamka saa kumi na mbili, mchana analala kama saa mbili. Jumla 12. Toa saa moja na nusu niliyomwibia mimi, zinabaki kumi na nusu. Yaani baba mtu, kwa mkono wake, kamshusha mwanawe chini ya kiwango.

Nikiwasimulia wenzangu kazini wananiambia ratiba ni mambo ya Wazungu, mtoto wa Kiswahili analala akichoka. Hapa nabisha. Ratiba ya Kizungu ya kuangalia saa ukutani ninaifahamu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na daktari wa New Zealand, Truby King, aliyefundisha mtoto anyonye kila baada ya saa nne na usiku asipewe kitu. Mwaka 1946 akaja Mmarekani Benjamin Spock kuwaambia wazazi walegeze kamba. Mwaka 1999 Gina Ford wa Uingereza akaikaza tena, kitabu chake kikapanga siku ya mtoto kama ratiba ya treni. Wao kwa wao hawajamaliza ubishi huo mpaka leo, kwa hiyo sioni sababu ya sisi kuuchukua mzimamzima. Kichanga cha wiki tatu hakijui usiku wala mchana, tumbo lake ni dogo, kinanyonya kinapotaka, saa nane za usiku zikiwemo. Ukimpangia huyo saa unamtesa bure, na mama yake unamtesa zaidi.

Lakini bibi yangu hakuwa na saa ya mkononi na nyumba yake ilikuwa na ratiba kuliko ofisi yetu. Jua likianza kushuka, mtoto anaogeshwa maji ya vuguvugu. Adhana ya Magharibi ikisikika, watoto wote ndani, hakuna mjadala. Chakula, mkeka, hadithi, koroboi inapunguzwa. Kila siku vilevile, kwa mpangilio uleule. Mtoto alijua kinachofuata kabla hajaambiwa, na kwa mtoto mdogo huo mfuatano una uzito kuliko mshale wa saa. Tulichokifanya sisi wa mjini ni kuhamia chumba na sebule, tukawasha televisheni mpaka taarifa ya habari ya usiku iishe, halafu tunashangaa mtoto halali. (Baa iliyo nyuma ya ukuta wetu nayo ina lawama zake, ila hiyo naiachia siku nyingine.)

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani anaivunja ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wataalamu wanamwambia anyonyeshe maziwa yake pekee miezi sita. Siku 84 ni wiki kumi na mbili! Akirudi kazini, sheria hiyohiyo inasema aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Mke wangu anafanya kazi Posta na sisi tunakaa Mbagala. Hizo saa mbili zinaishia barabarani. Na baba? Siku tatu. Ndani ya siku tatu mimi nilikuwa bado natafuta beseni.

Kwa hiyo mtu anayeishika ratiba ya mtoto kwa kweli ni dada, binti ambaye mara nyingi hatumshirikishi kuipanga. Anaachiwa maagizo mlangoni, mchana mtoto akisumbua anawekewa katuni kwenye simu (mwongozo ule nilioutaja hautaki skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja), kisha jioni tunamlaumu. Sisi tulikaa naye mezani, watatu, tukapanga. Yeye ndiye aliyetuambia mtoto anasinzia saa sita mchana, si saa nane kama mke wangu alivyokuwa akiagiza miezi yote hiyo.

Zamu yangu ni asubuhi. Naamka naye saa kumi na mbili, nampa uji, tunatoka nje kuangalia kuku wa jirani mpaka saa mbili. Wiki ya kwanza nilikuwa nasinzia kwenye mikutano ya waandishi. Usiku nikirudi napita mbali na chandarua, na siwadanganyi, inauma.

Nimemwomba mhariri anitoe zamu ya usiku angalau siku mbili kwa wiki. Alinitazama, akauliza kama mke wangu amesafiri. Jumatatu nitamwomba tena.