Mashauri ya Nyumbani: Kitovu cha Baiskeli ya Milimani

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya kitu kidogo ambacho wengi wetu twakitumia kila siku wala hatukitazami, nacho ni kitovu cha gurudumu la baiskeli, ambacho mafundi hukiita habu. Sineni habari za baiskeli zote, bali hasa zile ziitwazo baiskeli za milimani, zenye matairi mapana na gia nyingi. Baiskeli hizo, mpya na za mtumba, zimekuwa nyingi katika vijiji vyetu, nazo ndizo zipitazo katika matope, mchanga na mawe. Huenda mtu akauliza, "Je, mwalimu amekuwa fundi?" La, mimi si fundi. Nalifunzwa na hasara, na afadhali ninyi mjifunze kwa hasara yangu kuliko kwa yenu.

Nalikuwa na baiskeli ya namna hiyo, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Gurudumu lake la nyuma likaanza kutoa sauti, mfano wa mtu atafunaye wali wenye mchanga. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, baiskeli inalia." Nikamjibu, "Si inakwenda, mama?" Ikalia hivyo miezi miwili. Hata usiku mmoja wa masika mtoto wetu mdogo akashikwa na homa kali. Nikampakia mama yake nyuma, naye akamkumbatia mtoto, tukashika njia ya zahanati. Hatujafika nusu ya njia, gurudumu likakwama, halikwenda mbele wala nyuma. Nikaiacha baiskeli majanini, nikambeba mtoto mgongoni, tukaenda kwa miguu katika mvua, tukafika kunakucha. Mtoto alipona. Lakini saa zile za gizani sizisahau, maana nalijua ya kuwa haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa uvivu wangu.

Siku ya tatu nikaipeleka baiskeli kwa fundi, mzee mmoja ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Akakifungua kitovu, akavimwaga vilivyomo katika sahani: gololi zilizopasuka, na matope mekundu yaliyochanganyika na kutu. Akaniuliza, "Mwalimu, kitovu hiki kililia muda gani?" Nikasema, "Yapata miezi miwili, mzee wangu." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kilikuita, nawe hukuitika. Miezi miwili iliyopita ungalinunua koni mbili na gololi 18. Sasa huna budi kununua kitovu kizima, nami sina budi kuzifungua spoki zote 36 na kuzifunga upya." Sikuwa na neno la kumjibu. Nikakaa pale mchana kutwa, nikamwomba anieleze kazi ya kila kipande. Na haya ndiyo niwaleteayo leo.

Kitovu cha kawaida kimejengwa hivi. Katikati mna chuma kirefu kiitwacho ekseli, ambacho hakizunguki. Juu yake limevikwa kasha, nalo ndilo lizungukalo, kwa kuwa spoki zimeshikwa nalo. Ndani ya kasha, kila upande, mna kikombe cha chuma kigumu. Katika kikombe hukaa gololi, na juu ya gololi huja koni, iliyoparafujwa katika ekseli, kisha nati ya kuifungia isilegee. Kwa desturi gurudumu la mbele lina gololi 10 kila upande, zenye upana wa milimita 4.76, na la nyuma lina gololi 9 kila upande, zenye milimita 6.35. Uzito wote wa mpandaji na mzigo wake wapita katika gololi hizo chache. Yatakiwa zitembee juu ya utando mwembamba wa grisi, chuma kisisage chuma.

Basi grisi ina kazi mbili: kutenga chuma na chuma, na kuzuia maji yasiingie. Maji yakiingia hufanya kutu. Kutu hukwaruza gololi. Gololi iliyokwaruzwa huichimba koni vishimo vidogo vidogo. Na vishimo hivyo huzidi kuharibu gololi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini kuna jambo moja la heri: aghalabu koni ndiyo hutangulia kuharibika, na kikombe hufuata baadaye. Koni hununuliwa na kubadilishwa. Kikombe aghalabu kimekazwa ndani ya kasha, na kikichimbika, kitovu chote kimekufa. Kwa hiyo kuna kitambo kati ya kuugua kwa koni na kufa kwa kikombe. Mwenye baiskeli atendaye kazi katika kitambo hicho hulipa kidogo. Angojaye hulipa gurudumu.

Hata wale walioanzisha mchezo wa baiskeli za milimani walifundishwa jambo hili na vitovu vyao. Huko Marekani, katika wilaya ya Marin ya jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za kikale. Breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, ya kukanyaga pedali kinyume. Karibu na mji wa Fairfax kuna njia ya udongo ishukayo kama mita 400 katika mwendo wa kilometa zipatazo 3. Mtu alipofika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto hata grisi ikatoka moshi, naye hakuwa na budi kukifungua na kukijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Kwa hiyo njia ile ikaitwa Repack, maana yake jaza tena. Tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanywa mashindano ya kwanza katika njia hiyo, na miongoni mwa waliopata sifa hapo ni Gary Fisher, na Joe Breeze, ambaye mwaka 1977 aliunda baiskeli mpya kwa ajili ya kazi hiyo ya milimani. Tazameni: njia mashuhuri kuliko zote katika mchezo huu haikupewa jina la mshindi wala la mlima, bali la kazi ya kupaka grisi.

Tangu siku zile breki zimetoka ndani ya kitovu. Nyingine hushika ukingo wa gurudumu, na nyingine hushika sahani ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa kitovu. Tena kumezidi kuenea vitovu vya namna ya pili, visivyo na koni, ambavyo gololi zake zimefungiwa ndani ya pete mbili, yaani beringi nzima, na kuzibwa kwa mpira. Katika jimbo lile lile la California Phil Wood alianza kazi mwaka 1971, akajulikana sana kwa vitovu vya namna hiyo.

Watu huniuliza, "Mwalimu, katika namna hizi mbili, ipi hudumu zaidi?" Nami nalidhani jibu ni rahisi, kwamba kilichozibwa ndicho kidumucho. Lakini sivyo. Kitovu cha koni, kikifunguliwa na kupakwa grisi kwa wakati wake, chaweza kutumika miaka mingi sana; kikiachwa, hufa kabisa pamoja na kasha lake. Kitovu cha beringi chavumilia uvivu wa mwenyewe zaidi kidogo, na beringi ikifa huondolewa ikatiwa nyingine, kasha likabaki zima. Walakini ule mpira huzuia vumbi na matone, hauzuii mto. Na beringi mpya si lazima ipatikane kijijini. Basi, kabla ya kununua, usiulize tu, "Kitadumu?" Uliza, "Kikiharibika, nitapata wapi kipande chake, na nani atakifungua?" Kitovu kidumucho ni kile ambacho mwenyewe aweza kukitunza mahali akaapo.

Tena wako ndugu wapakiao magunia nyuma, nao yawapasa kujua jambo jingine. Katika vitovu vya bei nafuu, friwili yenye meno ya gia imeparafujwa nje ya kasha, na gololi za upande wa kuume zimebaki ndani, mbali na mahali ekseli ishikwapo na fremu. Sehemu ile iliyo wazi hubeba mzigo peke yake, ndiyo sababu ekseli hupinda, na mwisho hukatika. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta kitovu ambacho kile kifaa cha kuzungukia meno ni sehemu ya kitovu chenyewe, na gololi za kuume zimesogezwa nje, karibu na fremu. Ekseli za namna hiyo huvumilia mzigo zaidi. Ikiwa baiskeli yako ni ya namna ya kwanza, punguza gunia, au uwe tayari kukagua ekseli mara kwa mara. Litoe gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole, na tazama ncha zake: zikiyumba, imekwisha kupinda.

Sasa nawapa mashauri machache, ambayo mama, baba, hata kijana wa shule aweza kuyafuata.

La kwanza: kila juma, inua gurudumu, ulishike kwa juu, ulisukume huku na huku. Likicheza, na nati za fremu zimekazwa, koni imelegea. Kisha lizungushe polepole na kuweka mkono juu ya fremu. Ukisikia mkwaruzo mkononi, grisi imekwisha au maji yameingia. Usingoje masikio yasikie. Mkono husikia kwanza.

La pili: usikioshe kitovu kwa maji ya mpira yenye nguvu, kama waoshavyo magari. Maji hayo hupita palipozibwa na kubaki ndani. Tumia kitambaa chenye unyevu. Wala usitie mafuta mepesi katika koni ili kunyamazisha sauti. Huiyeyusha grisi, na baada ya siku chache taabu hurudi imezidi.

La tatu: kitovu cha koni na kifunguliwe mara moja kila mwaka, na kwa apitaye matopeni mara mbili, hasa masika yakiisha. Kikizama mtoni, kifungue mapema, usingoje mwaka. Osha vyote kwa mafuta ya taa mbali na moto, uvikaushe sana. Pitisha ncha ya kalamu katika njia ya gololi juu ya koni. Ikikwama katika vishimo, nunua koni mpya.

La nne: badili gololi zote pamoja. Ukichanganya mpya na za zamani, zilizo kubwa hata kwa unywele hubeba mzigo wa wenzao, zikavunjika upesi. Gololi ni katika vitu vya bei ndogo kuliko vyote katika baiskeli, usizihesabie senti.

La tano: katika kufunga, kaza koni hata mchezo uishe na ekseli izunguke bila kukwama, kisha ishike kwa spana nyembamba huku ukikaza nati yake. Iliyokazwa mno husagika, na iliyolegea hugongana. Zote mbili ni mauti ya kitovu. Lakini kama ekseli yako hufungwa kwa mkono wa kukunja bila spana, acha mchezo mdogo sana, maana ukiukunja mkono ule, ekseli hubanwa kidogo, na mchezo ule hutoweka.

La sita: ikiwa kitovu ni cha beringi, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwake, uiandike katika daftari la nyumbani. Kwa mfano, 6902 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 28, na unene 7. Kwa namba hiyo waweza kuiagiza kwa wauzao vipuri vya mashine mjini. Fundi akiitia katika kasha, na aisukume kwa pete ya nje. Akigonga pete ya ndani, aiharibu siku ile ile.

La saba: vile vijino vidogo vilivyo ndani ya kifaa cha gia, vitoavyo mlio ukiacha kukanyaga, havitaki grisi nzito. Hunata, na pedali huzunguka bure. Vitie mafuta mepesi, matone machache.

Ndugu zangu, kazi hii yote yachukua asubuhi moja katika mwaka, na kopo dogo la grisi latosha nyumba nyingi. Nyumbani kwetu sasa tuna desturi: masika yakiisha, twaketi chini ya mwembe, mimi na watoto. Yule aliyebebwa mgongoni usiku ule ndiye ahesabuye gololi, tisa na tisa, wala hakubali hata moja ipotee. Mama yake huja mwisho, akalizungusha gurudumu, akaweka mkono juu ya fremu, na kusikiliza. Asiporidhika, twafungua tena.