Watalii milioni nne Jamaika, lakini papai ni la nani?

Wewe unayeijua Jamaika kupitia spika za matatu, leo hebu tupunguze sauti kidogo tuongee kuhusu mapapai.

Naam, mapapai. Na mayai, na mchicha, na ile sabuni ndogo ya hotelini ambayo kila mtu hubeba akienda nyumbani. Kwa sababu ukitaka kujua kama utalii unalisha nchi ama unaipitia tu, picha za ufuo hazitakusaidia. Ingia jikoni, fungua friji, uliza: hii kitu imetoka wapi?

Tuanze na hesabu. Jamaika ni kisiwa kidogo kuliko Kaunti ya Kilifi kwa ukubwa. Watu wake ni kama milioni 2.8, wachache kuliko wakazi wa Nairobi. Lakini mwaka wa 2023 kilipokea wageni zaidi ya milioni 4, ukijumlisha waliokuja kwa ndege na waliokuja kwa meli za kitalii. Kenya nzima, na simba wetu na Maasai Mara yetu na mlima wenye barafu, ilipata wageni wa kimataifa kama milioni 2.4 mwaka wa 2024. Yaani wametuacha mbali, buda.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa kama wageni ni wengi kuliko wenyeji, si kila mwenyeji angekuwa amepona kitambo? Hapo ndipo stori inaanza.

Pesa inatua, kisha inapaa

Hoteli nyingi kubwa za Jamaika zinauza kitu kinachoitwa kila kitu ndani. Mtu akiwa Toronto au Atlanta analipia chumba, chakula, pombe, muziki na michezo ya majini kabla hajafunga sanduku. Akifika anavalishwa bangili mkononi, na kuanzia hapo hana haja ya kutoa pochi. Wengi hawatoki nje ya geti mpaka siku ya kurudi uwanja wa ndege.

Nje ya geti yuko dereva wa teksi, yuko mama anayechoma kuku wa jerk kando ya barabara, yuko kijana anayechonga vinyago. Wote wanasubiri mgeni ambaye tayari ameshiba.

Kisha fuata ile pesa. Ndege si ya Jamaika. Hoteli mara nyingi ni ya kampuni ya Uhispania au Marekani. Nyama, jibini na juisi zinaweza kuwa zimetoka Miami kwa kontena. Wachumi huita hali hii kuvuja, na jina linafaa: unajaza ndoo iliyotoboka. Serikali ya Jamaika yenyewe imekuwa ikisema kwamba katika kila dola ya mtalii, kinachobaki nchini ni kama senti 40. Na hapo wanajipongeza, kwa sababu zamani kilichobaki kilikuwa kidogo zaidi.

Meli nazo zina mtindo wao. Mji wa Falmouth ulipata bandari kubwa ya meli za kitalii mwaka wa 2011, iliyojengwa pamoja na kampuni ya Royal Caribbean. Meli inashusha maelfu ya watu asubuhi. Ndani ya uzio wa bandari kuna maduka yamepangwa vizuri. Wengine wananunua humo, wengine wanapanda basi moja kwa moja hadi maporomoko ya Dunn's River, na jioni meli inang'oa nanga. Mji wenyewe, wenye majengo ya karne ya 18, uko hatua chache tu kutoka kwenye geti. Wenye biashara pale wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wanaona meli, lakini hawaoni wateja.

Usikimbilie kusema ni njama za wazungu, hata hivyo. Sandals, moja ya majina makubwa zaidi katika biashara hii ya kila kitu ndani, ilianzishwa na Mjamaika, Gordon "Butch" Stewart, aliyefungua hoteli yake ya kwanza Montego Bay mwaka wa 1981. Kwa hivyo tatizo haliishii kwa rangi ya mwenye hoteli. Liko kwa jinsi biashara yenyewe inavyonunua vitu.

Nilichoona stoo

Hii naijua kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea mambo ya hoteli, karo ikagoma, nikarudi mtaani. Lakini kabla ya hapo nilifanya atachimenti ya miezi mitatu kwa stoo ya hoteli moja Pwani. Jina nitaliacha. Kazi yangu ilikuwa kupima kila kitu kinachoingia na kuandika kwa kitabu.

Siku moja mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuja na mkokoteni wa mapapai. Nilionja moja. Sijawahi kula papai tamu hivyo. Meneja wa ununuzi hakumtukana wala kumfukuza. Alimuuliza tu maswali matatu.

"Mzee wangu, unaweza kuniletea ya saizi hii hii, kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima? Una PIN ya KRA na risiti? Na unaweza kungoja siku 60 ndio ulipwe?"

Mzee aliniangalia mimi, si meneja. "Mwanangu, siku 60 nitakuwa nakula nini?" Akageuza mkokoteni.

Kesho yake lori la msambazaji lilileta mapapai, mengine bado mabichi. Nikayapima, nikaandika.

Nilikasirika sana wakati huo. Leo naona kila mtu alikuwa na haki kwa kona yake. Mpishi hawezi kuambia wageni 300 kwamba papai litapatikana mzee akijisikia. Mzee naye hawezi kukopesha hoteli miezi miwili. Katikati yao kulikuwa na pengo, na hakuna mtu aliyekuwa analipwa kuliziba. Msambazaji mwenye lori na akaunti nono akapita hapo hapo.

Jamaika walivyojaribu kuziba pengo

Mwaka wa 1996 Sandals walianza mpango na wakulima 10 tu, wa kulishia hoteli mbili. Hawakuishia kutangaza kwamba wananunua vya nyumbani. Watu wa hoteli walienda mashambani. Wakulima nao walialikwa hotelini kuona mazao yao yanavyotumika, ndio waelewe kwa nini saizi na usafi vinasumbuliwa hivyo. Maafisa wa kilimo wakaingia katikati kufunza. Kufikia 2004 wakulima walikuwa kama 80, wakilisha hoteli sehemu mbalimbali za kisiwa. Si mamilioni, lakini ni watu halisi wenye soko halisi.

Serikali nayo ikajifunza. Tangu 2005 kuna Tourism Enhancement Fund, mfuko unaotoza kila mgeni wa ndege dola 20 za Marekani na wa meli dola 2. Ni pesa ndogo kwa mtalii, lakini zidisha kwa mamilioni ya watu uone. Mwaka wa 2013 Wizara ya Utalii, chini ya mfumo unaoitwa Tourism Linkages Network, ilianza kuunganisha hoteli na wakulima, viwanda vidogo na wasanii. Edmund Bartlett, waziri ambaye ameshikilia utalii wa nchi hiyo kwa miaka mingi, ameifanya kuwa wimbo wake.

Kuna jukwaa la mtandaoni liitwalo ALEX, ambalo mkulima anaweka alichonacho na hoteli inaweka inachotaka. Meneja hapigii tena wakulima 200 simu. Mfuko ule ule umewapa wakulima matangi ya maji, kwa sababu kiangazi kikikausha shamba, ahadi ya kila Jumanne na Ijumaa inakufa. Kila mwaka kuna kikao ambacho wenye biashara ndogo wanaketi na wanunuzi wa hoteli, meza moja hadi nyingine, dakika chache kila mmoja. Na mwezi Julai kuna maonyesho ya Krismasi. Ndiyo, Krismasi mwezi Julai, ili hoteli na kampuni ziagize zawadi za Desemba mapema kutoka kwa mafundi wa nyumbani, kabla kontena halijaitwa.

Umeona hapo? Yale maswali matatu ya meneja wetu yanajibiwa moja moja: wingi, ubora, uhakika. La kulipwa kwa wakati ndilo gumu, na popote duniani ndilo linalofukuza mkulima mdogo.

Kuna pia njia nyingine, ya kutojifungia kabisa. Nenda Treasure Beach, upande wa kusini, eneo la wavuvi na wakulima. Hakuna maghorofa ya hoteli pale. Kuna hoteli ndogo inayojulikana, Jakes, na tangu 1998 kuna shirika la kijamii liitwalo BREDS linalosaidia shule, michezo na wavuvi. Karibu na hapo, katikati ya bahari, kuna Pelican Bar, kibanda cha mbao juu ya fungu la mchanga, kilichoanzishwa na mvuvi. Ukitaka kufika, unapanda boti ya mvuvi. Hakuna njia nyingine. Kwa hivyo kila mgeni analipa boti, ananunua samaki, anakunywa bia, na pesa inalala kijijini. Dhoruba zimevunja kibanda hicho zaidi ya mara moja, na wakakijenga tena.

Usiwasifu wakajisahau

Sasa nisikudanganye, si peponi. Kima cha chini cha mshahara Jamaika, tangu Juni 2025, ni dola 16,000 za huko kwa wiki ya saa 40. Hiyo ni karibu dola 100 za Marekani. Chumba kimoja cha hoteli kubwa kinaweza kupita hapo kwa usiku mmoja. Novemba 2024 wafanyakazi wa hoteli kadhaa waliacha kazi na kuandamana kwa sababu ya malipo na kandarasi za muda mfupi. La kheri ni kwamba nchi ilipitisha sheria ya pensheni ya wafanyakazi wa utalii mwaka wa 2019, na inagusa hata wauza vinyago na waendesha rafu za mianzi mitoni. Hebu fikiria bichi boi wa Nyali akiwa na pensheni.

Ufuo wenyewe nao ni vita. Sheria ya Jamaika ya 1956, ya enzi za mkoloni, haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufuoni kuogelea. Vijana na wavuvi wako mahakamani na barabarani kudai njia. Sisi angalau Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kufika hapo bila askari wa geti kukuuliza unaenda wapi, hiyo ni hadithi nyingine, na unaijua.

Halafu kukaja Melissa. Tarehe 28 Oktoba 2025, kimbunga hicho cha daraja la tano, la juu kabisa, kilitua magharibi mwa Jamaika. Kilipiga St Elizabeth, parokia inayoitwa kapu la chakula la nchi, ambako ndiko Treasure Beach ilipo. Hoteli na shamba vilipigwa siku moja. Na hapa kuna somo chungu: hoteli kubwa ina bima na mwenye mali ng'ambo. Mkulima ana mbegu alizohifadhi, kama hazikulowa. Hoteli ikifunguka kabla shamba halijaota, kontena la Miami linarudi, na likisharudi kulitoa ni kazi. Ukitaka kamba isikatike, lazima uwainue wote wawili pamoja.

Kwa nini nakuambia haya

Kenya na Jamaika hazijaanza kuongea leo. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa mgeni wa heshima kwa sherehe zao za uhuru Agosti 2019, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina tawi la kituo chao cha kusaidia utalii kuhimili majanga. Kwa hivyo hakuna aibu kuiba mbinu.

Lakini sitaki uishie kungoja wizara. Kila mara utasikia waziri akitangaza idadi ya watalii imepanda. Makofi, sawa. Wewe uliza maswali matatu: chakula chao kilinunuliwa wapi, aliyekiuza alilipwa baada ya siku ngapi, na kijana wa hapo anaweza kufika ufuoni bila bangili mkononi?

Na kama uko mtaani unatafuta hasla, usifikirie kazi ya kubeba trei pekee. Lile pengo kati ya mkokoteni na geti la hoteli bado liko wazi. Linahitaji mtu mwenye simu na mizani, chama cha wakulima ishirini walioandikishwa, PIN ya KRA, na akiba ya kumlipa mzee leo wakati hoteli italipa baada ya siku 60. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kupata peke yako, na ndiyo ambayo ningetaka zile hazina za vijana zianze nayo.

Yule mzee wa mapapai sikumuona tena. Ningempata leo ningemwambia papai lake halikuwa na shida yoyote.