Asali ya Kujipaka, na Maradhi Isiyoyaponya



Mabibi na mabwana, na ninyi vijana msomao ukurasa huu, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya asali. Si ile ya kulia mkate asubuhi, bali ile ya kujipaka usoni na kichwani. Sababu ya kuyaleta maneno haya ni msichana mmoja aliyesoma chuoni kwangu tangu alipokuwa mdogo. Wiki tatu kabla ya harusi yake mama yake alimleta nyumbani kwangu. Alikuwa amejitanda mtandio hata nikadhani ameficha machozi. Alipoufunua nikaona mashavu yamevimba, na ngozi iliyo chini ya macho imechubuka na kuwa nyekundu. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akijipaka mkorogo, uliotiwa katika kopo lisilo na jina la aliyeutengeneza wala orodha ya vilivyomo. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, tupatie ile dawa ya asali. Nasikia yarudisha ngozi."

Mimi niliwaambia waende hospitali kwanza, na asali waiache kabatini. Huenda msomaji akastaajabu kuwa mwalimu wa Kurani, anayewasomesha watoto habari za nyuki, awazuie watu wasitumie asali. Basi hilo ndilo nitakalo kulieleza.

Mwenyezi Mungu ametutajia nyuki katika Sura An-Nahl, aya ya 68 na ya 69, na akatujulisha kuwa kinywaji kitokacho matumboni mwao kina dawa kwa watu. Muislamu hana shaka na jambo hilo. Lakini kuamini kuwa ndani ya asali mna dawa si sawa na kudai kuwa asali huponya kila jambo, kwa kila njia, na kila siku. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute dawa, na atafutaye hana budi kujua kitu alichokishika mkononi chafanya kazi gani.

Katika sehemu mia za asali, kiasi cha sehemu 80 ni sukari, na maji kwa kawaida hayazidi sehemu 20. Kwa ajili hiyo asali huvuta unyevu na kuushika, na ndiyo maana ngozi kavu ikipakwa hulainika. Tena asali ina uchachu kidogo. Na nyuki hutia ndani yake kitu ambacho, asali ikichanganyika na maji kidogo, hutoa dawa ya kuua vijidudu. Kitu hicho huharibiwa na moto. Kwa hivyo asali ya kujipaka haichemshwi. Ikiwa imeganda, chupa iwekwe ndani ya maji ya vuguvugu mpaka ilainike. Kuganda si ubovu, wala si dalili kuwa imetiwa sukari. Na yale majaribio ya kuiwasha kwa kiberiti au kuitonesha katika gilasi ya maji hayathibitishi neno. Lililo bora ni kununua kwa mtu umjuaye kwa uaminifu, iwe asali ya Tabora au ya kwenu.

Ama namna ya kuitumia usoni, ni hii. Kwanza ijaribu: paka tone moja ndani ya kiwiko, ungoje hata kesho. Ukiona upele au mwasho, iache, na mwenye kudhurika na vitu vya nyuki asiiguse kabisa. Ikiwa salama, osha uso, uuache na majimaji, kisha paka kijiko kimoja cha chai. Ngoja dakika 15 au 20, halafu osha kwa maji ya vuguvugu bila ya kusugua kwa nguvu. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Wengi huongeza ndimu kwa kutaka kung'aa. Nawaomba msifanye hivyo. Maji ya ndimu huwasha ngozi, na ukitoka juani nayo yaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi ya miezi mingi.

Kwa nywele kavu, chukua vijiko viwili vya asali na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, ukoroge na maji ya vuguvugu kidogo ili visinate. Paka kuanzia katikati ya nywele hata nchani, ukae nusu saa, kisha osha vizuri. Wasichana wetu wakumbuke kuzikausha nywele kabla ya kujifunga mtandio, kwani kichwa kibichi kilichofunikwa kutwa huleta harufu na kuwasha.

Na kwa mba, yako maneno ya wataalamu. Mwaka 2001 daktari aitwaye Al-Waili alichapisha habari za wagonjwa 30 waliokuwa na mba na magamba ya ngozi ya muda mrefu. Walipakwa asali, sehemu tisa kwa sehemu moja ya maji ya vuguvugu, siku moja na kuacha siku moja, wakakaa nayo saa tatu ndipo wakaosha. Mwasho na magamba viliondoka katika wiki ya kwanza. Wagonjwa hao ni wachache, basi tusiyafanye maneno hayo kuwa hukumu. Lakini ni jambo la kujaribiwa na mwenye kusumbuka. Ama mtoto mwenye choa kichwani apelekwe kwa daktari, maana choa hutaka dawa yake.

Nimewahi kuulizwa: je, kujipaka chakula si israfu? Nionavyo mimi, kijiko kimoja kwa manufaa ya mwili si israfu; kumimina nusu chupa kwa ajili ya kujionyesha, na jirani hana cha kutia katika uji wake, hiyo ndiyo israfu. Na juu ya udhu: asali huyeyuka katika maji, basi haina taabu maadamu imeoshwa mpaka unato wake umekwisha. Lakini aliyechanganya na nta aitoe kwa sabuni kabla ya kutawadha, kwa kuwa nta huzuia maji yasifike kwenye ngozi.

Neno moja kwa wazazi wenye watoto wachanga: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, wala mama anayenyonyesha asijipake kifuani. Ndani ya asali mwaweza kuwamo mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hulishinda, lakini tumbo la mtoto mchanga hushindwa nacho, kikamlegeza viungo na pumzi.

Sasa nirudi kwa yule bibi harusi. Asali hulainisha ngozi na huisafisha. Asali haibadilishi rangi ya mtu, wala haiondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Katika mikorogo mna ile iliyotiwa zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo, na kwa mwenye mimba humdhuru na mtoto. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umeyahesabu mafuta ya kujichubua yenye zebaki katika vitu vya kuondolewa sokoni. Mna na ile yenye dawa kali za hospitali, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba; mtu akiziacha kwa ghafula, uso huwaka. Ndiyo maana niliwaambia waende kwa daktari, na kopo lile walichukue wakamwonyeshe.

Harusi ilifungwa kwa tarehe yake, na alhamdulillahi uso umetulia, ila alama mbili zimebaki chini ya macho hata leo. Nilipomwuliza nani aliyemshauri kujipaka, alinijibu, "Hakuna aliyenishauri, Mwalimu. Shangazi alisema tu kuwa picha zitatoka nyeusi."

Nilitaka kumlaumu huyo shangazi, ulimi ukawa mzito. Nilikumbuka kuwa wakati msichana huyu na dada yake walipokuwa wadogo chuoni, mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita dada yake, aliye mweupe, "Mzungu wangu", na yeye amekaa papo hapo na juzuu yake mapajani. Nilifanya mzaha. Yeye aliusikia miaka yote ile.

Katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezihesabu rangi zetu mbalimbali kuwa miongoni mwa ishara zake. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na kwamba mwenye nywele azitunze. Basi kutunza ni ibada. Kuuchukia uso uliopewa ni maradhi, na maradhi hayo asali haiyaponyi. Huanza kwa maneno ya sisi wakubwa, na sisi ndio tutakaoyakomesha.

Nawaomba, mwezi huu, kila mmoja wenu ausikilize ulimi wake nyumbani. Asitajwe mtoto kwa weupe wake, wala asichekwe kwa weusi wake. Binti akitaka kujipamba, mama mchotee kijiko cha asali, umpake kwa mkono wako mwenyewe, na umwambie kuwa uso huu ni mzuri tangu siku ulipoumbwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.