Tone la Maji Kwenye Petroli
Mwezi uliopita mashine ya boti yenye nguvu za farasi 15 ilituzimikia katikati ya mkondo, kamba tukaivuta mpaka viganja vikachubuka. Ufukweni fundi alifungua kabureta, likadondoka tone la maji dogo kama punje ya mtama. Basi, hilo tu! Maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini ya tangi, palepale mrija unaponyonya. Huingia kwa dumu lililosuuzwa lisikaushwe, kwa kifuniko kilicholegea wakati wa masika, hata kwa jasho la tangi lililolala nusu tupu. Kile kichujio kidogo kilichokuja na mashine hakitoshi, asikudanganye mtu. Funga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, la mikroni 10, lenye kikombe cha kuonyesha ndani na koki chini. Lisimame wima, mbali na maji ya ngama, mshale wake uelekee mashine. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida chumvi huzila upesi. Nawe nahodha, kila alfajiri kabla ya kuvuta kamba, kinga chupa, fungua koki, utazame kilichotoka.