Wajukuu wa Manamba, Nendeni Buha

Ndugu zangu wa Korogwe, Muheza na Pangani, ninyi mnaoitwa Waha mpaka leo lakini hamjapata kuiona Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, kwa macho, maneno haya ni yenu. Nawasihi mfunge safari mwende Kasulu na Kibondo mkautafute ukoo wenu, na mwende sasa, wangalipo wa kuulizwa.

Babu zenu hawakufika Tanga kwa kutangatanga. Mkonge ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893 ulitaka watu wengi wa kuukata, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuitamani kazi ile. Wakatafutwa watu wa mbali, kule ambako kodi ilidaiwa na fedha hakuna. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowaleta watu kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Kijana alitia dole gumba, akapanda gari moshi, akapewa namba, ndipo akaitwa manamba, akaingia kambini. Wengi walinuia kumaliza mkataba warudi. Wako waliooa huku, wakazaa, wakazikwa huku.

Atakuwapo wa kusema: mimi ni mzaliwa wa Tanga, ya Buha yananihusu nini? Tanga ni kwako kweli, wala hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kijana yule aliacha mama na dada, pengine na mke, na hao walimngoja. Ziko nyumba ambamo angali anahesabiwa kuwa alipotea. Nani atawapa habari zake kama si wewe?

Ila asiondoke mtu bila kuuliza kwanza nyumbani. Kaeni na shangazi, kaeni na wazee waliobaki kambini. Jina la kijiji peke yake halitoshi. Ulizeni babu alikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, wa Heru au wa Muhambwe, mtwale wao, yaani mkuu aliye chini ya mwami, nani, ukoo upi, maji walichota mto gani. Maana mwaka 1972 ilipokuja Operesheni Kigoma, watu waliokaa wametawanyika vilimani walihamishiwa vijijini, na makao yao ya zamani yakawa mahame. Mzee anayejua atawapandisha mpaka penye hame lenu. Nyumba hamtaiona. Huenda mkaona mti uliopandwa na mtu, jiwe la kusagia lililozama udongoni, au kaburi. Msiharakishe hapo, mwacheni mzee aseme, na kila jina analolitaja liandikeni daftarini palepale, la mwanamke sawasawa na la mwanamume, maana mabibi ndio wanaosahauliwa upesi.

Lipo jambo linaloweza kuharibu safari nzima, nalo ni ardhi. Mgeni anayeulizia mipaka ya shamba la babu yake hudhaniwa amekuja kudai. Pigeni hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mwambieni mmekuja kuwasalimu ndugu na kuuliza ukoo, na habari ya shamba msiitie kinywani hata kidogo.

Nauli ni nzito, nakubali. Basi changeni kama mnavyochangia harusi, mpeleke wawili: kijana ajuaye kuandika vizuri, na mtu mzima ambaye Kiha hakijamtoka, kwa kuwa mambo ya ndani ya ukoo wazee wa kule watayasema kwa lugha yao. Kiangazi barabara za Kasulu zinapitika na mavuno yako ndani. Anzeni kuchanga mwezi huu.