Malkia wa Katwe na Akina Mama wa Ugalla

Mwezi uliopita tulikusanyika kwa jirani yetu mmoja hapa Ugalla, mwenye sola na runinga, tukatazama filamu ya Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe. Ilitoka mwaka 2016, lakini kwetu ilikuwa mpya. Inazungumza Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mmoja alikaa mbele akitutafsiria, na kila alipochelewa tulimpigia kelele.

Kwa msioiona, ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa kimaskini jijini Kampala. Alifiwa na baba angali mdogo, akaacha shule kwa kukosa ada. Siku moja alimfuata nduguye mahali ambapo mwalimu Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Uji ndio uliomvuta. Kumbe mtoto ana kipaji! Mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye mashindano ya dunia huko Urusi, na mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa huko Istanbul, Uturuki.

Filamu ilipokwisha sote tulikuwa tukimsifu binti. Ndipo bibi mmoja, mkubwa wetu, akauliza, "Na mama yake je, hamkumwona?"

Kweli, tulikuwa tumempita. Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, ni mjane mwenye watoto. Mwanzoni anakataa sataranji akidhani ni kamari. Tusimcheke, maana nani kati yetu angemruhusu binti aache kuuza mahindi akacheze? Baadaye anauza nguo yake nzuri apate mafuta ya taa, binti asome usiku. Cheo hakupewa yeye.

Mwenzetu mwingine hakufurahi kabisa. Alisema watoto wengi walikunywa uji ule, ila filamu ni ya mmoja. Sisi tunaona ana haki, ingawa hatukupenda alivyotuharibia jioni.

Maana vipaji hapa kwetu vipo. Yupo mama ambaye hajui kusoma, lakini ukimtajia uzito wa kila robota la tumbaku na bei ya kila daraja, atakupa jumla kabla karani hajamaliza kuandika. Jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi ni la mume wake. Fedha zikija, huzisikia kama habari za mbali. Aliishia darasa la nne, na hakuna aliyemwekea ubao wa sataranji mbele.

Binti zetu nao wako njiani kumfuata. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliona kwamba, mkoani Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Nchi nzima walikuwa 27. Mkoa wetu ndio ulioongoza. Ni kweli mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne, lakini sare, daftari na chumba cha kupanga karibu na shule havikufutwa. Na msimu wa kuchuma tumbaku ukifika, mikono inatafutwa nyumbani, na mikono ya kwanza kukumbukwa ni ya msichana.

Usiku ule mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Binti yake yuko kidato cha pili, hodari wa hesabu, na baba alikwisha sema abaki nyumbani mpaka tumbaku ikauke yote. Mama alisema jambo moja tu: kwamba alikuwa amekubali. Alikuwa amekubali hata kabla ya kuulizwa.

Hatukumpa mashauri mengi. Wawili wetu tulikwenda naye kesho yake kuzungumza na mumewe, kwa adabu, tukakalishwa, tukapewa uji (tulicheka kimoyomoyo). Baba hakuwa mkali. Aliuliza swali la haki: moto wa bani utakokwa na nani usiku, kwa siku zote hizo, kama mtoto hayupo? Mkewe akajibu kwamba atakoka yeye.

Jumatatu tulimwona binti akipita njiani na madaftari yake. Mama yake tulimkuta bani alasiri, amelala ameketi, mgongo ukutani, kuni mkononi.