AFYA NYUMBANI: Mama anatokwa na machozi, kumbe jicho limekauka



Wengi wenu mnaulizia macho ya wazee. Bibi ameketi mlangoni, hakuna aliyemkosea, hana kilio, lakini machozi yanamtiririka na kila saa anajipangusa kwa kitenge. Anasema macho yanamwasha kama yameingia mchanga. Asubuhi kope zinashikana. Watoto wanasema: “Ni uzee tu, mwacheni.” Wengine wanakimbilia farmasi kununua matone yoyote. Yote mawili si mazuri.

Jicho linalotoa machozi mengi hivyo, mara nyingi ni jicho kavu. Najua inashangaza. Machozi mazuri si maji matupu. Chini kuna ute unaoshika jicho, katikati maji, na juu kabisa mafuta kidogo sana. Mnajua supu yenye mafuta juu inakawia kupoa. Na jicho ni hivyo hivyo, mafuta yanazuia maji yasikauke upesi. Mafuta hayo yanatoka katika tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope. Mtu akizeeka, tezi hizo zinaziba, nyingine zinakufa, na ile tezi ya maji nayo inapunguza kazi. Jicho likibaki wazi bila kinga linaumia, na likiumia linaomba msaada. Ndipo maji mengi yanamwagika kwa ghafla, lakini hayana mafuta, yanapita shavuni na kuacha jicho kavu kama mwanzo.

Sisi wanawake tunapata shida hii kuliko wanaume, zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni zinazosaidia tezi hizo zimepungua. Kwa hiyo mama wa miaka 50 na kitu asishangae, si lazima awe bibi wa vitukuu.

Halafu kuna mambo ya nyumbani yanayoongeza ukavu. Moshi wa makala na kuni ni adui wa kwanza. Mbabula itolewe nje, au mzee akae mbali nayo na upepo usimpeleke moshi usoni. Vumbi la kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kwetu Kivu, pia linaumiza, na lunete za kawaida zinasaidia kidogo kulizuia. Anayeshona, anayesoma au anayetazama telefone anasahau kupepesa macho: mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikazia kitu idadi inashuka sana. Ainue macho mara kwa mara, ayafunge polepole hadi kope zikutane.

Angalieni na dawa anazomeza. Vidonge vya gripi na vya mwasho, baadhi ya dawa za tansio zinazoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za usingizi au huzuni vinaweza kukausha macho. Tafadhali, asiache dawa ya tansio kwa sababu ya makala hii! Amwulize aliyemwandikia. Ugonjwa wa sukari na ule wa viungo kuvimba pia hufuatana na macho makavu, hasa kama na mdomo umekauka.

Matibabu ya kwanza hayagharimu franka nyingi. Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji ya moto ya kuvumilika (jaribu kwanza ndani ya mkono wako), kikamue, mzee afunge macho, kiweke juu kwa dakika 5 hadi 10. Kikipoa, kichovye tena. Joto linayeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha kwa kidole kilichonawa sabuni, sugua kope taratibu: ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu, ukielekea nywele za kope. Malizia kwa kupangusa ukingo na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mara mbili kwa siku, na si siku mbili tu; ni kazi ya majuma.

Kisha machozi ya bandia, ambayo farmasi wanayaita larmes artificielles. Tone moja, afunge jicho dakika moja, na ncha ya chupa isiguse jicho. Chupa moja isitumiwe na familia nzima. Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa bei kali: utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2018, wenye watu zaidi ya 500, uliona kwamba waliovimeza mwaka mzima hawakupona kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Nunueni sambaza, mle kwa furaha.

Sasa lile linaloniogopesha. Kuna matone yanayouzwa bila karatasi ya daktari, yanatuliza jicho siku ile ile, na mzee anayasifu. Soma chupa. Ukiona dexaméthasone au prednisolone, usimtie bila daktari wa macho. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikitumiwa miezi bila kuangaliwa zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho, nayo inakula mshipa wa kuona bila maumivu. Alichopoteza hapo hakirudi. Wala msitie maji ya majani, mkojo, au maziwa ya mama. Vinaingiza vidudu na jicho linaweza kupata kidonda.

Kama jicho linauma sana, halivumilii mwanga, linatoa usaha, lina doa jeupe, au kuona kumepungua ghafla, huo si ukavu wa kawaida. Nendeni hospitali siku ile ile, na mpeleke mfuko wenye dawa zote anazotumia, vidonge na matone, hata zile za kuazima kwa jirani.